Matuta ya Mama Nyuma ya Ploti

Mama alikuja mtaa wa Kware, Nairobi, wiki niliyojifungua. Alikuja na begi moja la nguo na gunia lililolowa maji, na kwa jinsi alivyolibeba gunia lile nilidhani ameniletea samaki. Alipolifungua pale mlangoni, zilitoka kamba za kijani zenye majani, zimefungwa mafungu mafungu kwa maganda ya mgomba. Kwenye vifundo vyake mizizi midogo myeupe ilikuwa imeshaanza kuchomoza, safari ilivyokuwa ndefu.

"Marando ya viazi vitamu," alisema. "Vile vya rangi ya chungwa. Nikivipanda sasa, huyu mtoto akianza kula atavikuta tayari."

"Utavipanda wapi, mama? Hapa hakuna shamba."

Alikwenda dirishani akatazama. Dirisha letu lilikuwa ghorofa ya tatu, na mbele yake hapakuwa na kitu ila ukuta wa ploti ya pili, karibu kiasi kwamba ukiishiwa chumvi unaweza kunyoosha mkono ukapokea ya jirani. Mchana tuliwasha taa. Mama alitazama ukuta ule, akatazama chini kwenye kichochoro ambako nguo zilikuwa zikidondosha maji, kisha akasema, "Nitatafuta," akayatia marando yake kwenye karai.

Niliishi peke yangu wakati ule. Baba ya mtoto alikwenda zake tumbo langu lilipoanza kuonekana, na sikumtafuta. Nilikuwa nafanya kibarua Industrial Area, katika godauni moja la kupakia bidhaa kwenye katoni, na kibarua hakina likizo ya uzazi. Mama aliposema atakaa nami mpaka mtoto atembee, nililia kwa furaha, ingawa nilimwambia ni uchovu.

Ni lazima nieleze kwa nini mama aling'ang'ania viazi hivyo. Nilikuwa na ndugu aliyenifuata. Tulikuwa kwetu, magharibi, kule chini karibu na mpaka ambako miti husimama mbalimbali na nyasi hukauka miezi mingi kabla mvua haijarudi. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli huku Nairobi. Alilala Muthurwa kwenye nyumba za reli, akija nyumbani mwisho wa mwaka. Sisi tulikula ugali wa muhogo na viazi vyeupe, vile vikavu vinavyokukaba usipokuwa na chai. Tulishiba. Ndugu yangu hakuwa mtoto aliyekonda. Lakini jua likianza kuzama alikuwa akitembea huku ameshika ukuta, na mama alidhani anacheza.

Kisha surua ikapita kijijini. Iliwashika watoto wengi ikawaachilia. Yeye haikumwachilia. Macho yake yaliingia ukungu kwanza, na nakumbuka alivyokuwa akiniita kwa sauti kubwa, kana kwamba niko ng'ambo ya mto, hali nimeketi naye kwenye mkeka mmoja.

Baada ya mazishi muuguzi wa zahanati alimweleza mama kwamba mwili wa mtoto ulikosa ile vitamini inayolinda macho na kusaidia kupigana na magonjwa, na kwamba hupatikana kwenye vyakula vya rangi. Alimwambia kwa upole, lakini mama alichosikia ni kwamba mwanawe alikufa akiwa ameshiba. Aliliweka neno lile moyoni miaka mingi. Kwa hiyo kikundi cha akina mama wa kanisani kilipoletewa marando ya aina mpya ya viazi, vyenye vitamini ile ile ndani yake, mama alilima vyake kabla ya mtu yeyote, pale pale nyuma ya nyumba ambako awali alikuwa na vile vyeupe.

Alipata shamba Kware. Nyuma ya ploti yetu palikuwa na kiwanja kitupu kilichozungushiwa mabati yenye kutu, na upande wa mbali palibaki ukuta mfupi, mweusi, wa karakana iliyobomolewa zamani. Jua lilifika pale. Mama alimwendea keateka wetu, msimamizi wa ploti, akamsalimu kama mtu anayesalimu chifu, akaomba kulima kidogo.

"Mwenye kiwanja hajaonekana tangu nianze kazi hapa," keateka alimwambia. "Lima, mama. Akija kujenga utatoka."

Udongo wa upande ule wote ni ule mweusi. Mvua ikinyesha unanata viatuni mpaka unatembea kama mtu aliyefungwa mawe, na kiangazi unapasuka nyufa za kumeza ufunguo. Kiazi hakipendi kusimamisha miguu ndani ya maji. Mama aliinua matuta marefu, ya kufika gotini, akachanganya mchanga na samadi aliyoiomba kwa watu wenye mbuzi. Jembe lilikuwa likigonga vitu: chupa, vipande vya plastiki nyeusi ngumu, na madonge ya kijivu mazito kuliko jiwe la ukubwa wake. Aliyaokota akayapanga kando ya mabati. Hatukushangaa. Nairobi hii, popote ukichimba unakutana na takataka za waliokutangulia.

"Hapa ni kama kwetu," aliniambia siku aliyomaliza kupanda, akielekeza kidole upande wa uwanja wa ndege, ambako bado kulikuwa na nyasi na migunga. "Ukiondoa hizi nyumba, ni nchi ile ile."

Watu walimcheka kidogo. Wanawake waliokuwa wakianika nguo kwenye paa walichungulia chini na kumwita kama bibi yao, "Shosho, umeleta kijiji!" Naye aliwapungia mkono na kuendelea. Marando yalishika. Yalitambaa yakafunika matuta, yakafunika hata zile chupa, na katikati ya kuta za saruji tukawa na kipande cha kijani kibichi ambacho wapangaji wa juu walitoka kukitazama wakinywa chai.

Udongo ulipoanza kupasuka juu ya matuta, mama alijua viazi vimenenepa. Alifukua cha kwanza kwa mikono, akakifuta kwenye leso yake, akakivunja vipande viwili mbele yangu. Ndani kilikuwa na rangi ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Alivipika kwa maji kidogo, akavifunika kwa majani yake yenyewe, akaponda kimoja kwa mwiko na kumlisha binti yangu, ambaye wakati ule alikuwa ameanza kukaa bila kuegemezwa. Mtoto alikunja uso, akameza, akafungua mdomo tena. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Jirani wa mlango wa pili alikuwa mama wa mapacha, mvulana na msichana, wakubwa kidogo kuliko wangu. Walitoka Ukambani. Mumewe alikuwa mchongaji wa vinyago, akishinda kwenye kazi yake na kurudi na vumbi la mbao kwenye nyusi. Mama alimpelekea sahani. Jirani alionja, akatafuna polepole.

"Mama, hiki si kiazi," alisema. "Hiki ni malenge limejificha."

"Cheka tu. Watoto wamemaliza."

Ilikuwa kweli. Mapacha walikuwa wamemaliza, na mvulana alikuwa akilamba sahani.

Ndivyo ilivyoanza. Mama wa mapacha alipata kazi ya kushona kiwandani, akamwomba mama awaangalie watoto. Mwingine wa ghorofa ya chini akaleta wake, kisha mwingine. Kware imejaa wanawake wanaotoka kabla jua halijachomoza kwenda kusimama kwenye mageti ya viwanda, na mtoto hawezi kusimama nao. Chumba chetu kikajaa. Mama aliwapikia uji, akawapondea viazi, akawachumia majani ya viazi yale machanga na kuyachanganya na vitunguu. Na kwa kuwa nyumbani hapakuwa na jua, kila asubuhi aliwateremsha ngazi, mmoja mgongoni na wengine wakishikana mikono, akatandika leso katikati ya matuta na kuwaacha wacheze huko wakati anapalilia. Nilipokuwa nikirudi jioni nilimkuta binti yangu amejaa udongo mpaka kwenye kope, na usingizi wake ulikuwa mzito na mzuri.

Marando aliyagawa. Mwanamke yeyote aliyeomba alipewa fungu. Waliopanda kwenye magunia na ndoo mbovu walichota na udongo wake papo hapo kiwanjani, kwa sababu udongo wa kuchota bure haupatikani kirahisi mtaani. Mama alikuwa na furaha siku zile. Nayasema haya ili ijulikane kwamba ilikuwepo.

Siku moja sikupata kazi, nikarudi mapema, nikaenda kumsaidia kuchuma majani. Alikuwapo mtu wa vyuma chakavu, amesimamisha mkokoteni wake kwenye pengo la mabati. Aliinua moja ya yale madonge ya kijivu, akalipima mkononi.

"Shosho, hii unauza?"

"Hilo jiwe? Chukua."

"Si mawe hii." Alilikwaruza kwa msumari, na mahali alipokwaruza pakang'aa. "Hii inatoka kwa betri ya gari. Hapa si ndio walikuwa wanachoma mabetri kitambo, kabla hizi ploti zijengwe? Wanayeyusha, wanauza. Moshi ilikuwa inakohoza mtaa yote."

Aliyapakia madonge yote kwenye mkokoteni, akatushukuru, akaenda. Mama aliinama tena kuchuma majani. Mimi nilibaki nimesimama. Kule godauni kuna mashine za kuinulia mizigo zinazotumia betri, na fundi anayezihudumia haruhusiwi hata kung'ata ndizi kabla ya kunawa mpaka viwiko. Niliwahi kumuuliza kwa nini. Alinijibu, "Hii kitu ikiingia mwilini haitoki haraka. Na kwa mtoto inaharibu ubongo."

Mbele yangu binti yangu alikuwa amekaa juu ya tuta, akijaza udongo kwenye kikombe na kuumwaga.

"Mama," nilisema, "tuwapeleke watoto juu."

"Jua bado zuri."

"Tuwapeleke juu."

Alinitazama, akawabeba bila kuuliza tena.

Nilimwendea mhudumu wa afya wa mtaa, mwanamke tunayesali naye, nikamweleza. Hakucheka, jambo ambalo lilinitia hofu zaidi. Alipiga simu, na baada ya siku kadhaa wakaja watu wawili, mmoja wao afisa wa kilimo, dada kijana mwenye sauti ya chini. Walichukua udongo wakautia kwenye mifuko, wakachukua viazi na majani, wakatuambia tusile chochote kutoka pale mpaka majibu yatoke. Watoto wote waliolelewa na mama walipelekwa hospitalini kutolewa damu. Mama alikwenda nao. Alimshika kila mmoja wakati wa sindano, hata wale ambao mama zao walikuwapo.

Majibu yalipotoka, afisa yule alikuja mwenyewe kumwambia. Waliketi kwenye kitanda changu, kwa kuwa hatukuwa na viti vya kutosha.

"Mama, udongo ule una risasi nyingi."

Mama alishtuka. "Risasi? Nani alipiga risasi pale?"

"Si ya bunduki, mama. Ni madini. Hutumika kutengenezea betri. Yalimwagika pale wakati wa ile karakana, yakabaki."

"Na viazi?"

"Viazi vimevuta kidogo, na majani yana vumbi lake. Lakini kubwa ni udongo wenyewe. Watoto wanaushika, kisha wanatia vidole mdomoni."

 Mama akauliza swali ambalo afisa hakulitarajia. "Na ile vitamini? Ilikuwemo au haikuwemo?"

"Ilikuwemo," yule dada alisema. Macho yake yalijaa machozi. "Viazi vyako vilikuwa vizuri sana, mama."

Daktari alituambia habari za kila mtoto peke yake. Binti yangu alikuwa na risasi katika damu, imezidi kiwango. Wengine walikuwa na kidogo. Mvulana wa mapacha ndiye aliyekuwa na nyingi kuliko wote, pengine kwa sababu alikuwa mtoto wa kuonja kila kitu. Daktari alisema dawa za kuitoa zingehitajika tu kama ingekuwa imepanda zaidi ya hapo, kwamba la kwanza ni kuwatenga na udongo ule, kuwapa maziwa, mboga na nyama ikipatikana, na kuwarudisha kupimwa. Mama wa mapacha aliuliza kuhusu kuongea. Mvulana wake alikuwa hajaongea, wakati dada yake alikuwa akiita kila mtu kwa jina.

"Inaweza kuwa ni hii," daktari alisema. "Inaweza isiwe. Wavulana wengine huchelewa tu. Siwezi kukuambia kwa uhakika."

Hilo ndilo lililokuwa gumu kubeba. Hakuna aliyetuambia ndiyo, na hakuna aliyetuambia hapana.

Jioni ile nilikuwa na hasira ambayo haikuwa na pa kwenda. Niliosha vyombo kwa kelele. Nilimwambia mama kwamba angeweza kununua viazi sokoni kama watu wengine.  Alikuwa amempakata binti yangu, akimkata kucha, kidole kimoja kimoja, akifuta chini ya kila ukucha kwa kitambaa chenye sabuni.

Asubuhi iliyofuata alishuka na jembe, amefunga kitambaa puani kama alivyoagizwa, akang'oa kila kitu. Hakutaka nimsaidie. Nilimtazama kutoka kwenye paa, mahali pale pale walipokuwa wakisimama wale waliomcheka. Ulikuwa msimu mzuri. Viazi vilitoka vikubwa, vyekundu nje, vikashikana vitano sita kwenye shina, naye akavirundika katikati ya kiwanja pamoja na marando na majani. Waliokuja kupima walikuwa wamesema visiliwe, visilishwe mifugo wala visichomwe, na kwamba gari litakuja kuvichukua. Gari halikuja siku ile.

Mbuzi walikuja kwanza. Mama aliwafukuza kwa fimbo. Kisha wakaja watu.

"Mama, unatupa chakula?" aliuliza mwanamke mmoja aliyepita na mtoto mgongoni.

"Si chakula. Kina sumu."

"Kina sumu na kinang'aa hivyo?"

"Nenda, mwanangu. Tafadhali nenda."

Mwanamke yule aliondoka, lakini alirudi na mwenzake, na mama alipokuwa akifukuza mbuzi upande wa pili waliokota kadhaa wakavitia kwenye kitenge. Mama aliwakimbilia. Hakuwa mtu wa kukimbia; goti lake lilikuwa bovu miaka mingi. Aliwafikia kwenye pengo la mabati, akakishika kile kitenge, wakavutana. Niliteremka ngazi mbiombio. Nilipofika, viazi vilikuwa vimemwagika chini, na yule mwanamke alikuwa akisema kwa sauti ya kuumia, "Bibi mchoyo! Afadhali vioze kuliko tule?"

Mama alimwomba msamaha. Kisha aliniambia nimletee panga na niende gereji ya barabarani kuomba oili chafu, ile nyeusi wanayoimwaga wakibadilisha ya gari. Nilileta mtungi mzima. Alikata viazi kimoja baada ya kingine, ile rangi ikawa imetapakaa kila mahali juani, halafu akamwaga oili juu yake mpaka vyote vikawa vyeusi. Alilikoroga lile rundo kwa jembe ili isibaki hata sehemu moja ya kumtamanisha mtu. Alipomaliza aliketi juu ya karai lililopinduliwa, akalia. Sijawahi kumwona akilia hivyo, hata kwenye mazishi ya baba. Nilimshika mabega, mikono yake yote ikinuka gereji.

Siku zilizofuata alipanda ngazi za Kware. Kila mwanamke aliyempa marando na udongo, alikwenda kwake. Alikwenda ploti kwa ploti, ghorofa kwa ghorofa, akipumzika kwenye kila kona ya ngazi na kusugua goti. Alikuwa akisema maneno yale yale: udongo niliokuruhusu uchote una sumu, umwage mahali ambapo watoto hawafiki, mpeleke mtoto apimwe. Mmoja alimfungia mlango. Mmoja alimtukana mbele ya majirani. Wengine walimpa maji ya kunywa na kumshukuru. Na mmoja, mwanamke wa ghorofa ya juu kabisa, alimwita ndani, akamwonyesha mtoto wake mnene aliyekuwa akitambaa, akasema, "Lakini huyu wangu alipona kwa viazi vyako, mama. Alikuwa mifupa."

Mama aliniambia kwamba hiyo ndiyo nyumba iliyomchosha kuliko zote.

Mama wa mapacha alikuja kwetu Jumapili, baada ya kanisa, amevaa gauni lake zuri. Hakuwa ameongea nasi tangu hospitalini. Mama alisimama alipomwona.

"Sikuja kugombana," jirani alisema. "Nimekuja kuchukua nguo zao. Nawapeleka kwetu Ukambani, wakae na mama yangu."

Nguo zilikuwa zimefuliwa na kukunjwa tayari. Mama alizileta pamoja na vikombe viwili vya plastiki na blanketi dogo. Yule jirani alivipokea, lakini hakuondoka. Nje kwenye korido mumewe alikuwa amembeba mvulana, na mtoto alikuwa akivutavuta kola ya shati la baba yake, kimya.

"Hukujua, mama," alisema hatimaye.

"Sikuuliza," mama alijibu.

"Nani angeuliza? Mimi mwenyewe niliishi hapa kabla yako. Niliona ule ukuta mweusi kila siku."

Mama alitikisa kichwa. Alikuwa ameshikilia kiti kwa nyuma. "Mlinipa watoto," alisema. "Aliyepewa watoto ndiye anayeuliza."

 Jirani aliweka mzigo wake chini, akamkumbatia mama kwa haraka, kwa nguvu, kama mtu anayetaka jambo liishe kabla hajabadili nia. Kisha akaokota mzigo akatoka. Walihama mwisho wa mwezi, mume na mke, wakaenda kukaa upande mwingine wa mji ulio karibu na kazi ya mume. Hatukuwaona tena pale.

Watoto wengine waliacha kuja, bila ugomvi. Mama mmoja alipata binamu wa kumlelea mtoto, mwingine alisema zamu yake imebadilika. Chumba kikabaki na binti yangu na mama. Mama alimsafisha mikono mpaka ngozi ikaanza kukauka. Hakumruhusu kushuka chini. Alimwekea blanketi mlangoni, kwenye korido, ambako mwanga ulifika kidogo saa za mchana, akaketi karibu naye akimtazama. Nikirudi kazini alinisimulia siku nzima: amesema hivi, amesahau vile, ameanguka mara moja lakini alikuwa akikimbia. Nilijua anachotafuta. Mimi pia nilikuwa nakitafuta.

Vipimo vya pili vilipoonyesha kwamba risasi inashuka katika damu ya mtoto, mama alisema anarudi nyumbani. Nilimwomba abaki. Nilimwambia sikuwa na hasira tena, na ilikuwa kweli, au karibu kweli.

"Mtoto anatembea," alisema. "Nilisema nitakaa mpaka atembee."

Nilimsindikiza mpaka stendi ya Muthurwa, akapanda gari. Hakubeba chochote cha kupanda. Alipofika kwetu, aliyavunja yale matuta ya viazi yaliyokuwa nyuma ya nyumba, ambayo hayakuwa na kosa lolote, akapanda mtama. Shangazi yangu alinipigia simu kulalamika, kwamba mama amempa marando yote, na kwamba kikundi cha kanisani kikimwita kwenye mafunzo anasema anaumwa goti. Yule afisa wa kilimo wa Nairobi alikwisha kumweleza mara nyingi kwamba marando hayana hatia na kwamba udongo wa kwetu ni safi. Mama humsikiliza mtu akisema hivyo, humshukuru, na hubaki alipo.

Kiwanja cha Kware kilizungushiwa ukuta wa mawe, na hadi leo sijui kama ule udongo waliuondoa au waliufunika. Mimi nilihamia mtaa wa Umoja. Mama wa mapacha alinitumia ujumbe mwaka jana: mvulana ameanza shule kule Ukambani, anasema maneno machache, anapenda kuchonga vijiti kama baba yake. Mwalimu anamtaka akae mbele.  Nilimwandikia kwamba tunamwombea, na tunamwombea kweli, lakini nilikaa na ile simu mkononi kwa muda mrefu nikijua kwamba si jibu.

Binti yangu ana afya. Anasoma. Wakati mwingine anasahau alichotumwa dukani, kama watoto wote wanavyosahau, na mimi husimama mlangoni nikihesabu makosa yake kimoyomoyo, kisha najilaumu.

Mama hupiga simu kila Jumamosi jioni. Hatuongei sana mimi na yeye. Ananiuliza mvua, namuuliza goti. Kisha anasema, "Haya, mpe simu." Naye mtoto huchukua simu kwa mikono miwili.

"Niimbie ule wa Jumapili," mama humwambia. Au, "Nihesabie mpaka hamsini." Au, "Leo shuleni mlisoma nini? Niambie polepole." Nami huwa nasikia, kwa sababu simu yangu ina sauti kubwa, jinsi anavyonyamaza upande ule, hata pumzi anaizuia, akisikiliza kila neno.

Juzi mtoto aliruka kutoka thelathini na saba hadi arobaini. Alikuwa akitazama katuni.

Upande ule nilimsikia mama akiiachia pumzi aliyoizuia.

"Amechoka tu," mama alisema, nilipoichukua simu.

"Ndiyo, mama," nilisema. "Amechoka."